Shangazi, mke wangu alininunia kutoka Bangkok hadi Koh Samui

Shangazi, shikamoo. Nina miaka 34, nimezaliwa Mombasa ila nimekulia Toronto tangu nikiwa na miaka saba. Mke wangu ni mtu wa Tanga, alikuja Kanada mwaka 2019, tukafunga ndoa hapa 2022. Februari 2025 nilimpeleka Thailand wiki tatu, nchi ambayo watu kama sisi, wanawake wawili, wanaruhusiwa hata kuoana. Nililipa kila kitu. Bangkok alikataa nimshike mkono. Kwenye treni ya usiku ya kwenda Chiang Mai alipanda kitanda cha juu akafunga pazia. Tulipokuwa Phuket aligoma kwenda Langkawi. Koh Samui nikamwandalia sherehe ya ghafla ufukweni turudie viapo vyetu, maua, mpiga picha, kila kitu. Akakimbilia chumbani akajifungia hadi usiku. Tangu turudi tunazungumza habari za bili tu. Shangazi, ananionea aibu, au hanipendi?

Asiyethaminiwa, Toronto

Marahaba, mwanangu. Pole. Wiki tatu za kununiwa ugenini ni ndefu. Pole hiyo ikutoshe, maana mengine niliyo nayo hayatakufurahisha.

Barua yako nimeifupisha, ila kuna maneno nimeyaacha makusudi ili niyaweke hapa peke yake. Yako ukurasa wa pili, umeyabana katikati ya habari ya hoteli na habari ya chakula: "Niliweka picha moja tu kwenye status tukiwa Silom, nikaandika mke wangu, basi kelele usiku kucha." Halafu mistari minne mbele: "Chiang Mai mama yake akapiga simu saa tisa usiku, hata usingizi nikakosa."

Mwanangu, barua yako yote ni hiyo.

Mwenyewe umeniambia kwamba mdogo wake mke wako ana namba yako, kwa kuwa huwa unamtumia hela ya matumizi ya chuo. Basi status zako anaziona. Tanga wanakujua kama shoga yake, yule anayeishi naye kwa kushea kodi. Neno shoga kwa mama wa Kitanga ni rafiki wa kike wa kuaminiana, mtu wa kusukana nywele na kutunziana siri, na kwa neno hilo mke wako alikupatia kiti katika nyumba ya mama yake bila kusema uongo mkubwa. Miaka mitatu alikitunza kiti hicho. Wewe umekivunja kwa kidole kimoja, ukiwa umekaa uchochoro wa baa huko Silom, Bangkok. Thailand iko mbele ya Tanga kwa saa nne. Simu ya saa tisa usiku Chiang Mai ilipigwa Tanga saa tano usiku. Mama wa makamo hapigi simu ng'ambo saa tano usiku kuuliza hali ya hewa.

Sasa tuje kwenye mashtaka yako moja moja, kwa sababu nimeyapima na mengi hayasimami.

Treni. Thailand nimefika mara moja, na binti wa kaka yangu, tukapanda treni hiyohiyo ya usiku. Jioni mhudumu anapita behewa zima. Anavuta viti viwili vinavyotazamana vinakuwa kitanda cha chini, anashusha cha juu kutoka ukutani, anatandika shuka, anatundika pazia kila kitanda. Kila kitanda ni cha mtu mmoja. Cha chini ni kipana na kina dirisha, asubuhi unaamka unaona milima. Cha juu ni chembamba, ukijigeuza unagonga dari, na mwanga wa taa za behewa unakupata usoni. Nilitaka kumwachia binti yangu kile cha chini, akanikatalia, akapanda yeye. Nililia kidogo usiku ule kwa furaha ya kuwa na mtoto wa namna hiyo. Mke wako alipanda juu akakuachia wewe dirisha, tena baada ya wewe kumtia moto nyumbani kwao. Umeandika hilo kama kosa.

Kushikana mkono. Umeniandikia kwamba "huko ni ruksa, kila mtu yuko huru". Ruksa ipo. Sheria ya ndoa ilianza kufanya kazi tarehe 23 Januari 2025, wiki chache tu kabla hamjafika, na Thailand ndiyo nchi ya kwanza Kusini-Mashariki mwa Asia kufanya hivyo. Machi 2024 bunge la chini lilipitisha muswada kwa kura 400 kati ya 415. Lakini nenda kituo cha treni, nenda sokoni, uwatazame Wathai wenyewe, mume na mke waliooana miaka 20: ni nadra wabusiane au wakumbatiane mbele za watu. Adabu yao iko hivyo. Hata siku ile ya kwanza ya sheria, wazee waliokuwa wamekaa pamoja miongo mizima walikwenda kwa msajili, wakatia saini, wakapewa karatasi yao. Wapo waliovaa nguo za asili wakapiga picha, na picha hizo walizipiga wenyewe, kwa hiari ya wote wawili. Mke wako alitembea Bangkok kwa adabu ya wenyeji. Wewe ulikuwa unatafuta mahali pa kuonekana. Tena ulimpeleka Silom Soi 4, uchochoro uliojaa baa za wanaume, mtoto wa watu asiyekunywa, ukashangaa hakuchangamka.

Langkawi. Hapa nilikasirika kweli. Unasema "aligoma kwa woga wake usio na kichwa wala miguu". Langkawi ni Malaysia, mwanangu. Unapanda boti kutoka visiwa vya Thailand, unashuka kwenye nchi nyingine na sheria nyingine kabisa. Malaysia sheria ya jinai ina kifungo hadi miaka 20 pamoja na viboko, na juu yake kila jimbo lina mahakama za sharia kwa Waislamu. Septemba 2018, jimbo la Terengganu, wanawake wawili walichapwa viboko sita kila mmoja mbele ya watu wapatao mia kwa kosa la kujaribu kulala pamoja. Mke wako ni Mwislamu wa Tanga, na jina lake liko kwenye pasipoti. Alipoanza kufuta picha kwenye simu yake ulimcheka. Yeye alikuwa amesoma sheria, wewe ulikuwa umesoma tangazo la hoteli.

Na woga huo ameupata wapi? Mwaka 2018 alikuwa bado Dar, umeandika mwenyewe. Mwaka ule mkuu wa mkoa aliwaambia wananchi hadharani watoe majina ya watu wa namna yenu. Watu walihama nyumba, walibadili namba, walikaa ndani wiki nzima wakisikiliza hatua mlangoni. Sheria ya Tanzania kifungo chake kwa wanaume kinaweza kufika maisha, na wanawake nao hawakuachwa. Wewe mwaka huo ulikuwa Toronto, nchi iliyoruhusu ndoa hizi tangu 2005, ukiwa bado msichana wa shule. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Ukimnunulia mtu tiketi ya ndege, hofu yake haibaki uwanjani Toronto ikimsubiri arudi. Inapanda naye, inashuka naye, inalala naye hata chumba chenye bahari dirishani.

Koh Samui sitaki kuizungumza sana. Umemfanyia mtu sherehe ya ghafla na mpiga picha, siku tisa baada ya picha moja kumharibia kwao. Angefanya nini, atabasamu?

Niseme jambo ambalo haliwahusu nyinyi wawili tu. Ndoa za siku hizi, za mume na mke na za namna yenu, zimepatwa na ugonjwa mmoja: mtu haamini kuwa anapendwa mpaka watu mia nne waone. Napokea barua kila wiki. Mke analia kwamba mumewe hajaweka picha yake siku ya kuzaliwa. Mume amekasirika mkewe ameficha pete kwenye picha. Zamani pwani, bi harusi alikaa na somo wake, yaani kungwi, siku saba ndani, na katika yote aliyofundishwa, la kwanza lilikuwa kufunga mlango. Habari ya chakula mlichokosa isitoke, neno alilokuambia kitandani lisitoke. Leo mashahidi wa ndoa ni mia nne, na likitokea la kutokea hakuna hata mmoja wa kwenda kuketi kati yao na kuwapatanisha. Najua mtanijibu kwamba kuficha ni utumwa, na kwamba watu kama nyinyi mmefichwa vya kutosha. Nakubali. Kufichwa kunaumiza, na mimi nawaombea siku mama yule wa Tanga atakapokupokea mlangoni na kukuita mkwe. Lakini mlango huo ni wa binti yake kuufungua. Ufunguo hukuwa nao wewe.

Mke wako naye simwachii hivi hivi. Kununa wiki tatu si kuzungumza. Alitakiwa akukalishe chini Bangkok asubuhi yake akuambie: umenivunjia nyumba, na mimi sijui nitaijengaje. Akisoma hapa ajue Shangazi amemwambia. Ila mtu aliyepigwa na butwaa hatafuti maneno, na pengine alinyamaza kwa kuwa kila siku ulikuwa unamkumbusha nani kalipa. "Nililipa" imo kwenye barua yako mara tano. Kila mwisho wa mwezi yeye anatuma hela Tanga ya dawa za mama na ada ya mdogo wake, nawe wajua. Ndiyo sababu hakuwa na ya Phuket.

Uliniuliza kama anakuonea aibu. Mtu anayekuonea aibu hakukalishi kwa mama yake miaka mitatu kwa jina lolote lile. Uliuliza kama hakupendi. Amerudi Toronto na wewe, yuko nyumba moja na wewe, bili analipa.

Basi fanya hivi. Picha arobaini alizotuma mpiga picha wa Samui, mpe yeye simu, achague za kubaki na za kufutwa, nawe usitie neno. Mdogo wake usimwandikie chochote, hata la kuomba radhi, mpaka mke wako akuambie nini kimeshasemwa huko na nani kakisema. Ukikosea hapo utalifungua donda mara ya pili. Safari nyingine mkienda, apange yeye. Na kama atataka Samui tena, muepuke Oktoba hadi Desemba, mvua ya upande ule wa bahari ni kubwa.

Kisha kuna jambo nimelitafuta kwenye kurasa zako zote sita, nikarudi mwanzo, nikalitafuta tena. Umeandika bei ya hoteli. Umeandika rangi ya maua. Hujaandika popote mama yake alisema nini usiku ule. Nadhani hukumuuliza. Muulize leo, jioni, mkiwa hamna televisheni wala simu mezani, na akianza kukuambia usimkatize.