Swali: Nisipotoa ada ya mtoto kama sadaka ya kujimaliza nitapata laana?

SWALI: Shalom mchungaji. Mimi ni mjane, nauza vitenge. Nabii wetu katangaza sadaka ya kujimaliza, anasema hata mjane wa senti mbili alitoa vyote. Nina laki tatu tu na ni ada ya mwanangu. Wahudumu wanapiga simu kila siku, lipa namba wameshatuma, wanasema nikirudi nyuma najifungia milango. Mafuta ya upako ya elfu kumi nayo nilinunua, sijaona kitu. Nifanyeje?

JIBU: Shalom dada, pole sana. Hiyo hela kalipe ada, kesho asubuhi, halafu ndo tuongee mengine.

Huyo mjane yupo Marko 12:41-44, ila watumishi wengi wanaanzia hapohapo 41, sijui makusudi sijui ndo walivyokaririshwa. Rudi mstari mmoja tu nyuma, Yesu anawasema waandishi "ambao hula nyumba za wajane, na kwa unafiki husali sala ndefu", hajamaliza hata kupoa mjane anaingia anatoa riziki yake yote. Ukifungua sura ya 13 anasema hekalu lenyewe halitabaki jiwe juu ya jiwe. Sasa nionyeshe wapi alimwambia yule mama panda mbegu utavuna nyumba na gari? Hata kumwita atoe hakumwita, alikuwa kakaa anaangalia watu wanavyotoa. Hii lugha ya mbegu waliivumisha wahubiri wa televisheni wa Marekani, kina Oral Roberts, mitume hawakuuza hivyo.

Halafu soma Marko 7:9-13, habari ya Korbani. Watu walikuwa wanachukua kilichotakiwa kuwatunza wazazi wanasema tumempa Mungu, Yesu akawaambia mnalitangua neno la Mungu. Ada ya mtoto ni hivyohivyo, ina mwenyewe. Na kama wanakutishia na zaka pia, Kumbukumbu 14:28-29 inasema ya mwaka wa tatu wale Mlawi, mgeni, yatima na mjane, yani wewe ndo ulitakiwa upelekewe!

Mafuta, Yakobo 5:14 wazee wa kanisa wanamwendea mgonjwa wanamwombea na kumpaka, bei haijaandikwa. Kama ni ya kula kapikie. Tulishazika watu 20 Moshi, Februari 2020, walikanyagana wakiwahi kukanyaga mafuta ya upako, na bado foleni zipo.

Laana unayoogopa, angalia inamwangukia nani. Naamani alipoponywa ukoma, nabii Elisha alikataa zawadi zake, Gehazi mtumishi wa Elisha akamkimbilia Naamani nyuma akachukua fedha na nguo, ukoma ukamshika yeye Gehazi, siyo Naamani (2 Wafalme 5).

Wakipiga tena waambie ada imeshalipwa, na waulize hilo kanisa lina mfuko wa wajane. Wakikata simu usiwapigie.