Sensa ya nguvu? Hapana, mwalimu

SWALI: Shikamoo mzee. Nafundisha fizikia sekondari hapa Chumbageni, Tanga. Tumepata kifaa cha kufunga kwenye kamba na kuunganisha na kompyuta, kinachoonyesha kitu kinavutwa kwa kiasi gani. Wanafunzi wanakiita "sensa ya nguvu". Je, ni sahihi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. "Sensa" nitaimaliza upesi. Neno hilo lina asili ya Kilatini, limetufikia kupitia Kiingereza, na kazi yake ni kuhesabu watu. Agosti 2022 makarani walipita nyumba kwa nyumba wakilitumia. Kifaa kinachohisi ni kihisi, kutokana na kuhisi, neno tulilopata kwa Waarabu tangu zamani. Mafundi wa mageti na magari wakisema "sensa" nimeshachoka kuwasahihisha, na waseme. Darasani usikubali.

Linaloniudhi hasa ni hiyo "nguvu". Betri ikiisha, imeisha nguvu. Taa ikimulika sana, ina nguvu. Uji unatia nguvu, kusi inavuma kwa nguvu. Mtaani sina ugomvi. Lakini mwanafunzi wa sekondari anasoma fizikia kwa Kiingereza, anakutana na mambo yanayopimwa mbalimbali, hili kwa nyutoni, hili kwa juli, hili kwa wati, na akitaka kujieleza kwa Kiswahili anayatia yote kapu moja: nguvu, nguvu, nguvu. Halafu wapo watu wazima wanaothubutu kusema Kiswahili hakiiwezi sayansi! Kani tunayo, yaani msukumo au mvuto, "force" ya Kiingereza; nishati tunayo, ndiyo "energy". Tumeyaacha kabatini.

Nenda Sahare vijana wakishua dau lililopwelewa. Wanane wamekaa mchangani wanakula muhogo. Nguvu wanazo tangu walipoamka, na dau halijui habari hiyo. Sasa waweke mabega. Hapo ndipo kani inapoanza, kati ya bega na ubao, na ubao nao unalisukuma bega kwa kiasi kile kile. Ndiyo maana bega linauma. Nguvu mtu anaweza kuwa nazo peke yake, hata usingizini. Kani haiwi mpaka viwepo vitu viwili. Newton, yule mwanafizikia Mwingereza, aliliandika hilo mwaka 1687, na washua madau walikuwa wakilijua mabegani mwao. Unganisha vifaa vyako viwili kwa kulabu, mwanafunzi mmoja avute huku na mwingine kule, uone kama namba hazitalingana. Mwenye misuli na asiye na misuli, namba ni ile ile! Ukiliita jambo hilo "nguvu", utamwelezaje mtoto kwamba yule mwembamba kavuta sawasawa na yule mnene?

Turudi kwenye dau. Wanasukuma, halitoki. Wanaongeza, halitoki. Mchanga umelishika. Mara linachomoka, na kuanzia hapo linakwenda kwa msukumo mdogo kuliko ule uliolichomoa. Fanya hivyo kwa kipande cha mti juu ya meza, kifaa kikiwa kwenye kamba: mstari wa grafu utapanda, utafika kileleni, utashuka ghafla, kisha utatulia. Msuguano wa kitu kilichosimama ni huo uliofika kileleni. Wa kitu kinachokwenda ni ule wa chini yake. Ndani ya kifaa kuna kipande cha chuma kinachopinda kidogo sana, na waya uliobandikwa juu yake ukinyooka, ukinzani wake, yaani jinsi unavyozuia umeme kupita, unabadilika. Kompyuta inageuza badiliko hilo kuwa nyutoni. Hakuna mahali chuma kile kilipopima nguvu za mtu.

Na kani si neno la kuundwa juzi ofisini. Wazee wetu wa pwani husema mtu "ameshika kani" akishindana asikubali kuachia. Lipo neno gani linalofaa zaidi kwa dau na mchanga?

Basi ubaoni andika "kihisikani", wingi "vihisikani", kwa mfano ule ule wa kipimajoto. Kwenye mhimili wa grafu andika "kani kwa nyutoni". Kilo usiiweke hapo hata mwanafunzi akikuambia mizani ya samaki ina kilo: kilo ni ya tungamo, yaani wingi wa maada iliyomo ndani ya kitu, na kitu cha kilo 1 kikining'inia kwenye kihisikani chako kitasoma nyutoni 9.8 hivi.