Siri ya dakika ya mwisho: kwa nini The Tourist ilipoa

SWALI: Naandika skripti yangu ya kwanza ya filamu ndefu. Jasusi wa kike anampenda mwanamume bila kujua kwamba ndiye adui anayemsaka. Nimepanga siri hiyo ifichuke mwishoni kabisa. Juzi nimetazama The Tourist ya mwaka 2010, ambayo mpango wake unakaribiana na wangu, na pamoja na kuwa na Angelina Jolie na Johnny Depp, imenichosha. Tatizo ni waigizaji au hadithi? Nibadilishe nini?

JIBU: Ndugu yangu, itanibidi nitaje mwisho wa filamu hiyo, maana ugonjwa wake umelala huko.

Wengi walisema nyota wale wawili hawakuivana. Mimi ni mhariri wa filamu, na kazi hii imenifundisha kutowalaumu waigizaji haraka. Mwangalie Depp ndani ya treni inayotoka Paris kwenda Venice. Yeye ni Frank, mwalimu wa hisabati kutoka Marekani, ambaye Elise (Jolie) anamchagua ili polisi wamdhanie kuwa ni Alexander Pearce, mpenzi wake wanayemtafuta. Mwishoni tunaambiwa Frank ndiye Pearce mwenyewe, aliyebadilishwa sura kwa upasuaji. Sasa mwigizaji afanyeje? Akimtazama Elise kwa macho ya mtu aliyemkosa siku nyingi, siri imevuja. Akimtazama kama mgeni, mapenzi hayapo. Depp anabaki katikati, uso umefungwa. Hapo mhariri hana cha kushika, kwa sababu mapenzi kwenye filamu yanaishi katika mwitikio: huyu anasema neno, kamera inamrudia mwenzake, nasi tunasoma usoni kile alichokimeza. Depp hakuruhusiwa kusomeka.

Na muongozaji hakuwa mtu wa kubahatisha. Florian Henckel von Donnersmarck alikuwa ametoka kupata Oscar kwa The Lives of Others, nayo ni hadithi ya upelelezi. Tofauti ni kwamba kule tunajua tangu mapema kuwa ofisa wa Stasi, polisi wa siri wa Ujerumani Mashariki, amekaa darini akisikiliza maisha ya wapenzi wawili. Wao hawajui. Kila neno wanalonong'onezana linatutia hofu.

Hiyo ndiyo taharuki, na si kitu kimoja na mshtuko. Mshtuko unadumu sekunde chache. Taharuki inaweza kubeba nusu saa. Itafute Notorious ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1946. Ingrid Bergman, anayeigiza mke anayempeleleza mumewe, ameiba ufunguo wa stoo ya mvinyo ya mumewe, na kamera inashuka kutoka juu ya ukumbi wenye wageni hadi kwenye kiganja chake. Kisha tunaonyeshwa chupa za shampeni zikipungua. Zikiisha, mume atahitaji ufunguo. Hakuna risasi inayopigwa, lakini unakaa ukizihesabu chupa. Na Cary Grant, jasusi mwenzake anayempenda lakini hataki kukiri, anasomeka vizuri kabisa, kwa sababu sisi tunajua anachokificha.

Kwa hiyo hamisha siri yako. Iweke karibu na ukurasa wa 25 au 30, yaani takribani nusu saa ya filamu. Mtazamaji ajue mwanamume huyu ni nani, jasusi wako asijue. Ukifanya hivyo, kila mara atakapomshika mkono tutatamani auondoe, na tutatamani asiuondoe. Swali la mwisho halitakuwa "huyu ni nani?" bali "atamfanya nini akijua?", na hilo mwigizaji wako anaweza kuliigiza kwa mwili mzima.

Anza na sini, yaani onyesho, ya wao kukutana mara ya kwanza. Usibadilishe hata neno la mazungumzo. Isome kama mtu asiyejua siri, halafu isome kama anayeijua. Usomaji wa pili ukikukaza kifua, endelea mbele. Ukiona ni uleule, iandike upya sini hiyo kabla ya kugusa nyingine yoyote.