Re: Picha za nyani zisizochekesha
Ndugu yangu, umeuliza kwa nini picha zako za nyani wa Manyara hazichekeshi ilhali mwenyewe ulicheka sana ulipowaona. Nadhani unapiga tukio likiwa limeshapita. Chagua kundi moja lenye watoto, ukae nalo. Watoto ndio wanaovutana mikia, kudandiana na kuanguka. Weka spidi ya shata (muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga) 1/1000 ya sekunde au ya haraka zaidi, piga kwa mfululizo, na usiachie kidole mapema, maana uso wa mama aliyechoshwa huonekana baada ya purukushani.

Tafadhali usiwarushie ndizi! Nyani aliyezoea chakula cha watu huishia kuvamia magari.

Ukipata nzuri, ipeleke Comedy Wildlife Photography Awards, shindano la picha za kuchekesha za wanyamapori lililoanzishwa 2015 na Paul Joynson-Hicks na Tom Sullam.