Singer yangu ya Kenya

Swali la juma lilikuwa: «Ni kitu gani ulinunua kikiwa kimeshatumika, na kwa nini hukutaka kipya?»

Mimi ni mshonaji hapa Lubumbashi, komini (sehemu ya mji) inayoitwa Kenya, na jibu langu ni mashini nyeusi ya kushonea, ya Singer, ya kukanyaga kwa miguu. Kitu kipya kinaficha ubovu wake mpaka ukifikishe nyumbani. Cha zamani unauona palepale, ukijua pa kutazama, na kila kasoro unayomwonyesha muuzaji inashusha bei.

Muuzaji wa mashini aliniambia ni «ya wakati wa Wabelgiji». Wote husema hivyo, hata kwa sufuria. Kwa Singer huhitaji kumsadiki mtu: namba imepigwa kwenye chuma, upande wa kulia. Yangu inaanza na herufi mbili, ya kwanza E, maana ilitoka Clydebank, Uskoti, kwenye kiwanda kilichofungwa mwaka 1980. Orodha za namba hizo ziko kwenye intaneti, na mwaka unaupata humo. Kisha nikazungusha gurudumu kwa mkono. Zito! Muuzaji mwenyewe akaanza kupunguza. Kumbe ni mafuta ya kupikia tu. Watu huyatia humo, yanakauka na kuganda. Nyumbani nikadondoshea mafuta ya taa kila tundu, nikaiacha ilale, nikapangusa, nikatia mafuta yake ya mashini. Ikakimbia.

Ukitafuta yako, chagua yenye bobini (kigurudumu cha uzi wa chini) ya duara. Za zamani zaidi zina bobini ndefu nyembamba, inayokaa ndani ya kifaa chenye umbo la mtumbwi. Zinashona vizuri, ila kifaa hicho kikipotea utazunguka mji mzima. Sindano hazisumbui: modeli za Singer 15 na 66 zinatumia zilezile za mashini za nyumbani za leo. Na umeme ukikatika (hapa tunajua unavyokatika), jirani yangu mwenye mashini ya umeme anakuja kumalizia suruali za wateja wake kwangu.

Salaula (nguo za mitumba) nayo naipenda, hasa kwa vifungo na zipu: kola imechakaa, vifungo bado vizima. Kabati nachukua la mulombwa (mbao ngumu ya mti), hata lenye mikwaruzo, kuliko la mbao za kubandika linalovimba mvua zikianza.

Ila friji na godoro, hapana, nanunua vipya. Ubovu wa hivyo hauuoni sokoni: friji kuukuu inakula umeme kimyakimya, na kunguni hutoka usiku.