Mjomba akisema tabianchi ni uongo wa Wazungu, umjibu nini

Kama una simu na una ndugu, ujumbe huu umeshakufikia. Sauti ya mwanamume anayejiamini, haina jina wala tarehe, inasema mabadiliko ya tabianchi ni mradi wa Wazungu: wao wameshajenga viwanda vyao, sasa wanatunga hadithi ya joto ili sisi tusichimbe mafuta, tubaki kuuza mkonge na machungwa. Hapa Tanga ujumbe huo umeota mizizi, na sababu yake iko wazi. Chongoleani ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, bomba ambalo lazima lipashwe moto njia nzima kwa sababu mafuta ya Uganda yana nta nyingi na yakipoa yanaganda. Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kuupinga mradi huo. Kijana aliyekuwa anasubiri kibarua akaisikia habari hiyo, na jioni akatumiwa ile sauti. Unadhani ataamini lipi?

Mimi nafundisha jiografia sekondari. Mabishano haya nayakuta darasani, nayakuta barazani Ngamiani, na kwenye grupu la familia ndiyo usiseme. Ninayoyaandika hapa ni yale niliyoona yanasaidia unapozungumza na watu wazima wenye akili timamu, ambao shida yao kubwa ni kwamba hawamwamini anayewaletea habari.

Cha kwanza, usianze na sayansi. Anza na lile ambalo mwenzako amepatia.

Mjomba wangu ni mvuvi wa Sahare. Siku tuliyoligusa jambo hili kwa kirefu alikuwa ameketi kwenye gogo anashona nyavu, wala hakuinua macho. "Mjomba," akaniambia, "hao waliotulimisha mkonge kwa viboko, leo ndio wanatuonea huruma ya joto?" Nilimwambia hapo umesema kweli, na hesabu zipo. Marekani peke yake imetoa takriban robo ya hewa ukaa yote iliyotokana na kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi tangu viwanda vianze. Afrika nzima, pamoja na Afrika Kusini na migodi yake, ni kama 3 kwa 100. Mwaka 2009 kule Copenhagen nchi tajiri ziliahidi kwamba ifikapo 2020 zitakuwa zinatoa dola bilioni 100 kila mwaka kuzisaidia nchi maskini. Ahadi hiyo ilitimia 2022, na sehemu kubwa ya fedha hizo ni mikopo. Yaani mtu anakuharibia, halafu anakukopesha ujitengenezee.

Mjomba akaacha kushona. Hapo ndipo nikamuuliza: sasa ukisema joto hili ni uongo, unamsamehe nani?

Mtu amekunywa kisima cha kijiji mpaka kimekauka, kisha anasimama ukingoni kukukataza kutia ndoo. Hasira yako ni halali kabisa. Lakini ukikasirika hadi ukasema kisima kimejaa, umempa njia ya kuondoka bila kulipa. Nchi za Afrika na za visiwa zilipigania kwa miaka mfuko wa kulipia hasara na uharibifu, na Novemba 2022 kule Sharm el-Sheikh ukakubaliwa. Dai hilo lote limesimama juu ya ukweli mmoja, kwamba joto limeletwa na watu, na watu hao wanajulikana. Kila Mwafrika anayesambaza ile sauti anachana hati ya madai yake mwenyewe, na anayefurahi ni mdaiwa. Hoja hii nimeitumia mara nyingi, na sijapata nyingine inayomfanya mtu anyamaze na kufikiri kama hii.

Baadaye mjomba aliuliza swali ambalo kwa kweli ndilo swali lenyewe. "Haya, bahari imepata moto, hilo naliona. Lakini utajuaje ni mtu, si jua tu?"

Kwa mvuvi wa Tanga jibu liko chini ya maji. Pwani hii imepigwa baruti kwa miaka mingi, na kila anayezamia anajua mwamba uliopigwa baruti ulivyo: matumbawe yamesagika, vipande vimelala, hakuna kilichosimama. Mwamba uliouawa na joto ni tofauti. Umesimama mzima, matawi yote yapo, ila umekuwa mweupe. Matumbawe yanaishi na viumbe vidogo vya jamii ya mwani ndani yake, ndivyo vinavyoyalisha na kuyapa rangi, na maji yakizidi joto kwa wiki kadhaa matumbawe yanavifukuza. Ndivyo ilivyotokea pwani yetu mwaka 1998, na Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kwamba kupauka kwa namna hiyo kumeenea tena duniani kote. Mjomba anazijua alama hizo mbili kuliko mimi. Anaweza kukwambia mharibifu ni nani bila kuwa amemwona.

Hewani nako alama zipo. Kuna aina ya kaboni iitwayo kaboni-14, ambayo hupungua yenyewe, kila baada ya miaka 5,730 hubaki nusu. Imo katika majani, katika samaki, katika mwili wako. Makaa ya mawe na mafuta yamefukiwa mamilioni ya miaka, kwa hiyo kaboni-14 yao imekwisha. Kama hewa ukaa inayoongezeka ingetoka kwenye miti na viumbe vya leo, ingekuja na kaboni-14 yake. Tangu miaka ya 1950 mwanasayansi Hans Suess alionyesha, kwa kupima pete za miti, kwamba hewa imekuwa ikichanganyika na kaboni kongwe isiyo nayo. Volkano nazo hutoa kaboni kongwe, ila hewa ukaa yake haifiki hata 1 kwa 100 ya ile inayotolewa na watu. Na kiasi chenyewe hakifichiki. Kabla ya viwanda, katika kila chembe milioni za hewa kulikuwa na kama 280 za hewa ukaa. Charles David Keeling alipoanza kupima mlimani Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, zilikuwa kama 315. Sasa zimepita 420.

Na jua? Setilaiti zinalipima tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na nguvu yake haijapanda kuendana na joto hili. Kuna ushahidi mwingine ninaoupenda zaidi. Jua lingekuwa ndilo linalotuunguza, hewa yote ingepata joto, ya chini na ya juu kabisa. Mwaka 1967 Syukuro Manabe na mwenzake Richard Wetherald walikokotoa kwamba hewa ukaa ikiongezeka, hewa ya chini itapata joto na ya juu sana itapoa. Wakati huo hakuna aliyekuwa na setilaiti ya kuhakikisha. Zilipokuja, zikakuta hivyo hivyo, chini joto, juu baridi. Manabe alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2021. Hadithi ya kutungwa haitabiri kitu ambacho bado hakuna wa kukipima.

Kuna waliosikia kwamba ni njama ya Wachina, maneno ambayo Donald Trump aliyaandika Twitter mwaka 2012. Hili halihitaji muda mrefu. Svante Arrhenius wa Sweden alikokotoa kwa kalamu na karatasi kiasi ambacho hewa ukaa ingeipasha dunia moto mwaka 1896, wakati Wajerumani bado wanasogeza reli waliyoianzia hapa Tanga mwaka 1893. Kabla yake, mwaka 1856, Eunice Foote wa Marekani alikuwa ameshaonyesha kwamba chupa yenye gesi hiyo ikianikwa juani hushika joto kuliko yenye hewa ya kawaida.

Wengine hawasemi Wachina, wanasema Umoja wa Mataifa. Wanafunzi wangu hulipenda hili, na nawajibu kwa kuwaeleza kikao kinavyokwenda. Muhtasari wa kila ripoti ya jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC, hupitishwa mstari kwa mstari na wajumbe wa serikali zote wanachama. Saudi Arabia imo. Nchi inayoishi kwa mafuta inakaa kwenye meza hiyo, inabishana hadi usiku wa manane juu ya neno moja, na mwaka 2021 ikaridhia sentensi isemayo kwamba hakuna shaka binadamu ameipasha joto dunia. Sura ya Afrika katika ripoti ya 2007 ina Waafrika wengi miongoni mwa waandishi wake, akiwemo Profesa Pius Yanda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wazungu gani hao tunaowasema?

Anayependa siri nampa ya kweli, yenye nyaraka. Mwaka 1977 mwanasayansi wa kampuni ya mafuta ya Exxon, James Black, aliwaeleza wakubwa wake kwamba kuchoma mafuta kunaibadilisha hali ya hewa ya dunia. Kampuni ikafanya utafiti wake wa ndani, na makadirio yake ya joto, yalipochunguzwa na kuchapishwa mwaka 2023, yalionekana kulenga vizuri sana. Hadharani, kampuni hiyo hiyo ilitumia miaka mingi kuwaambia watu kwamba jambo hilo halina uhakika. Mwaka 1989 makampuni ya mafuta, makaa ya mawe na magari ya Marekani yaliunda umoja wao kwa kazi hiyo, nao ukadumu hadi 2002. Kwa hiyo njama ilikuwepo. Ilipangwa na wenye mafuta, na ile sauti kwenye simu ya mjomba ni mjukuu wake.

Sasa niseme na walio upande wangu, maana nao wanaharibu. Msilibebeshe joto la dunia kila kosa. Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, kilikuwa na miti. Leo ni fungu la mchanga, maji makuu yanalifunika lote, na mayai ya kasa wanaotaga pale huhamishiwa Ushongo yasizame. Ukimwambia mzee wa Pangani kwamba hiyo ni tabianchi tupu, atakukumbusha miti iliyokatwa kisiwani na baruti zilizovunja miamba, na atakuwa na haki. Bahari inapanda, ndiyo, lakini ilikuta kisiwa kimeshavuliwa nguo. Kadhalika El Niño ya 1997 na 1998 iliyotukatia barabara: El Niño ni ya maumbile, ilikuwepo tangu enzi. Joto la ziada linaongeza uzito wa mvua zake, halikuizaa. Mtu akikukamata umetia chumvi mahali pamoja, hatakuamini hata pale uliposema kweli, na ile sauti itakuwa imepata ushahidi iliokuwa ikiutafuta.

Kuna pia wasemao joto na mvua ni kazi ya Mwenyezi Mungu, mwanadamu ni nani hata azivuruge. Huyu usimpelekee hesabu. Shehe mmoja wa mtaani kwetu alilijibu vizuri sana baada ya sala ya Ijumaa. Aliwasomea aya isemayo kwamba ufisadi umedhihiri bara na baharini kwa yale iliyoyafanya mikono ya watu, kisha akauliza: anayetupa baruti majini, samaki wamekufa kwa kadari peke yake au na mkono wake umo? Hakuna aliyeona amekufuru. Wakulima wa mwani wa Mkinga wangemwelewa hata bila aya. Wanajua mwani aina ya cottonii, ule mnene wenye bei nzuri, unavyoanza kupauka ncha, ukalegea, ukakatika kwenye kamba maji ya kina kifupi yanapochemka mchana. Mwanamke anainama kwenye vigingi vyake na kukusanya kamba tupu.

Kuhusu grupu la familia: usimsahihishe mkubwa mbele ya watoto wake. Mtu mzima aliyeaibishwa hatabadilisha mawazo, atabadilisha grupu. Mpigie, au nenda kwake jioni, umwombe mwisikilize ile sauti pamoja. Muulize tu: huyu ni nani, anaongea kutoka wapi, anapata nini? Mara nyingi ataizima mwenyewe kabla haijaisha.

Na yule kijana anayesubiri kazi Chongoleani, usimlazimishe achague kati ya mshahara na ukweli. Anaweza kuitaka kazi ya bomba na bado akajua mafuta yakichomwa yanafanya nini. Nchi yetu inaweza kujadili bomba kwa hoja za ardhi, ajira, fidia na bahari, bila kuukataa upimaji wa joto uliofanywa na watu wa mataifa yote. Kijana huyo mpeleke kwenye mkutano wa mtaa. Aulize fedha za tabianchi zilizoingia nchini zimefika kata ipi ya pwani, kiasi gani ni ruzuku na kiasi gani ni deni atakalolipa yeye, na siku ukuta wa kuzuia bahari utakapojengwa, utaanzia mbele ya nyumba za nani.