Tupa Daftari, Endelea Kusoma

Ujumbe uliingia usiku, mistari miwili tu: "Nimefika ukurasa wa 150 wa Gardens of the Moon na sijui nani anapigana na nani. Mimi ndiye mjinga au kitabu ndicho kibaya?" Aliyeniandikia hakujua kwamba siku tatu kabla ya hapo nilikuwa nimeifunga The Crippled God, juzuu ya kumi na ya mwisho ya mfululizo huohuo, nikabaki nimekaa kitandani taa ikiwaka, sina hata wa kumwambia. Nikamjibu "wala hili wala lile" na kumwahidi kwamba jibu refu nitaliweka hapa. Ndilo hili.

Kwa wasioufahamu, mfululizo wenyewe ni Malazan Book of the Fallen, riwaya za fantasia za Steven Erikson wa Kanada. Juzuu ya kwanza, hiyo Gardens of the Moon, ilitoka mwaka 1999, ya kumi mwaka 2011, na vitabu vyenyewe ni vya unene wa kuzuia mlango usipigwe na upepo. Dunia yake aliibuni na mwenzake Ian C. Esslemont kwa ajili ya michezo ya kuigiza wahusika, ile ya kukaa mezani na kurusha dadu, kabla haijawa riwaya. Halafu kuna hili: Erikson amesomea akiolojia na anthropolojia. Likumbukeni hilo la akiolojia, nitalirudia.

Nianze na aibu yangu.

Mara ya kwanza nilikiingia kitabu kama mtu anayejiandaa kwa mtihani. Daftari jipya, kalamu za rangi tatu: nyekundu kwa wanajeshi, buluu kwa wachawi, kijani kwa miungu. Mwanzoni mwa kitabu pana orodha ya wahusika, nami niliinakili yote kabla sijasoma sentensi moja ya hadithi. Hata sasa naona haya kuliandika hili. Kisha nikaanza. Mvulana wa miaka 12, Ganoes Paran, amesimama juu ya ngome akitazama mtaa mzima ukiungua kule chini. Anatamani kuwa askari, na askari mtu mzima aliye karibu naye anamvunja moyo. Vizuri, hilo nimelielewa. Nikaandika: "Paran, mvulana." Kurasa chache baadaye miaka imepita, mvulana ameshakuwa ofisa, na binti wa mvuvi ametwaliwa na mungu wa vivuli hata hajijui tena. Geuza kurasa nyingine kidogo, tuko kwenye mji unaoitwa Pale, vita viko ukingoni, angani unaelea mlima wa mawe meusi, na wachawi wa jeshi wanateketea kabla sijayashika majina yao. Nilikuwa naandika mtu, nikigeuza ukurasa nakuta nimeandika maiti.

Kilichonimaliza ni yule binti. Sasa yuko jeshini, kwa hiyo nyekundu. Lakini anayemtumia ni mungu, kwa hiyo kijani. Jioni nzima iliishia hapo, kalamu mbili mkononi na kitabu kimefunikwa. Ukurasa wa 200 sikuuvuka. Daftari lilikuwa limejaa, mimi mwenyewe nikiwa mtupu.

Laiti mambo yangeishia hapo. Nilikuwa kwenye kundi la wasomaji, watu wanaoheshimiana kwa unene wa vitabu walivyomaliza, nikauliza swali langu kwa nia njema kabisa. Katika vitabu hivi uchawi hutoka kwenye kitu kiitwacho Warren, na mwandishi hakwambii ni nini. Nikauliza: ni mahali, ni nguvu, au ni mlango? Mmoja wao, ambaye nilimwona kama kaka, akajibu: "Vitabu vingine si vya kila mtu." Vicheko vikafuata. Nikacheka nao, nikasema nimekiacha kwa sababu ya shughuli nyingi. Uongo mtupu. Miaka imepita na naweza bado kukuambia ni nani na nani walicheka, na kwa mpangilio gani.

(Jibu, kama unalitaka, ni vyote vitatu. Ningelijua ningesoma kurasa mia mbele.)

Mara ya pili nilirudi na hila. Niliapa sitaaibika tena, kwa hiyo kila sura nilitafuta kwanza muhtasari wake mtandaoni, ndipo nisome yenyewe. Na kweli, nilielewa kila kitu. Nilielewa mno. Juzuu ya pili, Deadhouse Gates, ina safari ambayo mashabiki huitaja kwa sauti ya chini. Kamanda Coltaine, katikati ya bara zima lililoasi, anawaongoza makumi ya maelfu ya wakimbizi kuelekea mji wa Aren, jeshi lake likipungua kila kivuko cha mto, na mwanahistoria mzee aitwaye Duiker yuko ubavuni akiyaandika. Kuna hata mbwa wawili: Bent, mkubwa wa kuchungia mifugo, na Roach, kijibwa cha kupakata chenye roho mbaya kuliko wanajeshi wote. Wasomaji wengine hueleza walivyolia mbele ya kuta za Aren, walivyokiweka kitabu pembeni siku nzima. Mimi nilifika pale macho makavu. Nilikuwa nimeshaambiwa nani, wapi na vipi, na mtu aliyeandika muhtasari ule kwa mistari sita, tena kwa haraka.

Hilo ndilo ninalojutia hadi leo kuliko lile daftari. Daftari liliniibia jioni kadhaa. Muhtasari uliniibia Aren, na Aren hairudishwi, maana hata ukisahau kisa kwa miaka mingi, mshtuko wa mara ya kwanza haupo tena. Juzuu ya tatu sikuifungua kabisa.

Mara ya tatu haikuwa na mbinu yoyote, na pengine ndiyo maana ilifanikiwa. Nilianza upya juzuu ya kwanza, bila kalamu, kurasa ishirini kila usiku. Nikikutana na jina nisilolijua, naliacha lipite kama mgeni ambaye hujamkaribisha lakini humfukuzi. Akirudi mara ya tatu tutafahamiana. Asiporudi, hakuwa na shida na mimi.

Hapo ndipo akiolojia inapoingia. Mchimbaji akiokota kigae hafungi kazi eti kwa sababu hajaona chungu kizima. Anakiweka, anaendelea. Chungu kitajulikana wiki ya kumi, kwa kigae kilichotoka upande mwingine kabisa wa shimo. Erikson anaandika hivyo hasa. Anakupa vigae, na havipi namba.

Mfano mmoja, na nitajitahidi nisiharibu uhondo. Juzuu ya kwanza inakukutanisha na jamii ya kale inayoitwa Jaghut. Mmoja wao ni dikteta aliyefukiwa ardhini, na wenye akili zao wanaogopa asije akafukuliwa. Unaambiwa pia kuhusu T'lan Imass, wapiganaji wasiokufa, ngozi na mifupa tu, waliojifunga kwa tambiko ili waendelee kuwawinda Jaghut milele. Unatikisa kichwa: sawa, waovu hawa, wawindaji wao wale. Daftari langu la zamani lilisema hivyohivyo, "Jaghut, wabaya", kwa wino. Kisha juzuu ya tatu, Memories of Ice, inafunguka karibu miaka laki tatu nyuma, na kuna mama anakimbia na watoto wake wawili, wawindaji wako nyuma yake, naye hana tena nguvu. Mama huyo ni Jaghut.

Nilifunga kitabu. Nilikaa kimya. Mwandishi hakuwa amenidanganya popote: alinionyesha kigae kimoja na mimi mwenyewe nikajitengenezea chungu. Angenieleza yote ukurasa wa kumi, ningejua habari za Jaghut bila kuona haya hata kidogo kwa kuwahukumu haraka.

Sasa, tahadhari. Kama wewe ni mtu wa kuwapenda wahusika na kung'ang'ana nao, juzuu ya nne na ya tano zitakutesa. Ya nne inaanza na mtu aitwaye Trull Sengar akifungwa minyororo na watu wake mwenyewe, kisha anaachwa, na sehemu yote ya kwanza ya kitabu anapewa jitu la milimani liitwalo Karsa Orlong ambalo huwezi kulipenda hata ukijilazimisha. Ya tano ndiyo kabisa: bara jipya, watu wapya, uliowazoea wote hawamo, ila huyo Trull tu. Wengi huishia hapo. Mimi nilikasirika, nikakirusha kitabu kitandani (kitandani, si ukutani, vitabu ninaviheshimu). Nikakiokota kesho yake kwa sababu ya mtu mmoja, Tehol Beddict, maskini anayelala juu ya paa, nguo yake blanketi, anayepanga kimyakimya kuuangusha uchumi wa dola nzima, huku akibishana na mtumishi wake Bugg juu ya mambo ya kijinga. Nilicheka peke yangu usiku wa manane. Sikutarajia kucheka katika mfululizo huu.

Juzuu ya sita na ya saba zilikwenda. Ya nane inasimuliwa na Kruppe, bwana mnene mwenye maneno mengi anayejitaja kwa jina lake kana kwamba anamsema mtu mwingine, na Kruppe, kama Kruppe mwenyewe angekiri, hana haraka. Nilitumia miezi. Tusiongee zaidi.

Basi ushauri ni upi? Usiandike orodha. Usisome muhtasari kabla. Endelea kusoma. Ukikwama, endelea kusoma. Naona nimesema jambo moja mara mbili, na sina la tatu, isipokuwa usiziruke zile beti fupi zilizoko mwanzoni mwa sura. Nilikuwa naziruka, na baadaye nikagundua kwamba wengine wanaotajwa humo nitakuja kukutana nao. Orodha ya wahusika iangalie ukipotea kabisa, kisha rudi haraka.

Na kama bado unachagua mfululizo wa kuanza nao, angalia kwanza kama umekwisha. Mashabiki wa George R. R. Martin wanasubiri kitabu kinachofuata cha mfululizo wake mkuu tangu 2011. Robert Jordan alifariki mwaka 2007 akiwa hajamaliza wake, ikabidi Brandon Sanderson aukamilishe kwa maandishi aliyoyaacha, na juzuu ya 14 ikatoka mwaka 2013. Si kosa la mtu. Lakini kuahidiwa chungu ukabaki na vigae mkononi ni jambo jingine.

Tatizo letu, ndugu zangu, ni kwamba tumezoea kuelewa papo hapo. Filamu ikikaa dakika tano bila kujieleza tunatoa simu. Mtu akituambia jambo tusilolijua tunaona ametudharau. Tunataka kila kitu kitafunwe kwanza ndipo tumeze, halafu tunalalamika kwamba hakina ladha. Na wale waliokwisha kuelewa nao wana dhambi yao. Wakimwona mwenzao anauliza, badala ya kumwambia "songa mbele kidogo, utaona", wanamcheka, kana kwamba wao walizaliwa wakijua Warren ni nini. Hawakuzaliwa. Kila mmoja wao aliwahi kukaa ukurasa wa 150 akijiona mjinga, ila amesahau, au anajifanya amesahau.

Nilipomaliza nilimwandikia yule wa "vitabu vingine si vya kila mtu". Sikuandika mengi: "Nimemaliza zote kumi." Nilitazama simu usiku ule, na asubuhi. Siku ya pili alinijibu kwa kidole gumba. Kidole gumba kimoja.

Haya, wewe wa ukurasa wa 150. Mlima wa mawe umeshauona, wachawi wameshakufa, na hivi karibuni, kama hujafika tayari, utaingia Darujhistan, mji wa taa za gesi za buluu, na watu wapya kabisa wataanza kuzungumza kana kwamba mnajuana. Waache wazungumze. Mwishoni kuna karamu kubwa nyumbani kwa Bibi Simtal, na karibu wote watakuwepo, kila mmoja na njama yake. Ukifika bustanini niandikie, usiku wowote. Yule binti wa mvuvi bado sijampatia rangi.